Waliokubaliwa na Maji

Hapana, Dokta, dada yangu hakukukatalia wewe. Alinikatalia mimi, na hayo ni mambo mawili. Wewe ukikataliwa unaandika "amekataa", unaenda nyumba inayofuata. Mimi nikikataliwa na Navo sina nyumba inayofuata, kwa sababu mama yetu alianza hivyo hivyo, miguu kwanza.

Ndivyo nilivyomjibu Dokta Adelina leo mchana, kwenye baraza la maabara yetu hapa Same. Akanijibu kwa ile sauti yake ya taratibu inayonitia hasira: "Naki, mfanyakazi wa mradi haruhusiwi kumshawishi mtu apimwe. Anaeleza, anauliza, anaondoka. Akiwa ndugu yako ndiyo kabisa." Nikasema basi mimi siyo mfanyakazi wa mradi kuanzia sasa hivi. Akasema sasa hivi haiwezekani, mradi unafunga wiki hii, yeye na gari wanaondoka Ijumaa. Nikamwambia ndiyo maana.

Mzee Elieza, fundi wetu wa maabara, akaacha kuosha vioo, akanitazama kwa juu ya miwani.

"Kwa hiyo unastaafu?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nilistaafu hospitali nywele zimeshaisha. Wewe hata kusuka hujamaliza."

Kweli, nilikuwa nimesuka nusu kichwa. Msusi ana mambo mengi na mimi sina subira.

Basi naandika haraka. Hii ni yenu, Happy na Jofrey, mnaobaki Same kuwapelekea wagonjwa vidonge. Mambo ya mshahara nayaruka, mnayajua, na cheo sijawahi kupandishwa. Nawaandikia yale ambayo hayamo kwenye makabrasha, halafu mwisho nitawaambia kuhusu Navo, maana kesho mtasikia tu.

Siku ya kwanza nilifika nikidhani nitafagia. Tangazo lilisema anatafutwa mtu wa kidato cha nne, anayejua lugha ya Chasu na anayeweza kuendesha pikipiki milimani. Pikipiki nilijifunzia kupeleka tangawizi sokoni, Chasu nimezaliwa nacho, na Baiolojia nilipata C ambayo hata mwalimu wangu aliishangaa. Dokta aliniuliza swali moja tu: "Unaogopa miguu ya watu?" Nikasema hapana. Sikujua anauliza nini.

Dokta siyo dokta wa sindano. Watu walikuwa wanamletea watoto wenye homa, yeye anawaelekeza zahanati huku ameinamisha kichwa. Amesoma mpaka udaktari wa chuo kikuu ukaisha, halafu akaongeza miaka mingine ya utafiti kwa kitu kimoja tu, protini zinazokunjika vibaya. Nilimuuliza, hivi Dokta, shule haziishi? Akasema, "Zimeisha, Naki. Sasa hivi kazi yangu ni kutojua."

Alinieleza hivi, na mimi nimewaeleza watu hivi hivi kwa Chasu mpaka naota. Protini inatengenezwa kama uzi mrefu, halafu inajikunja yenyewe, kila moja na mkunjo wake, na bila mkunjo huo haina kazi. Sasa ipo moja inatoka kwenye ini, inazunguka na damu, inabeba mizigo midogo midogo. Kwa watu wengine, kwa kurithi, inalegea. Inafunguka, inakunjika upya, vibaya. Ikishakunjika vibaya inamshika mwenzake, mwenzake anauiga mkunjo ule ule, anamshika mwingine, mpaka zinakuwa nyuzi. Nyuzi zinalala kwenye mishipa ya fahamu, kwenye matumbo, kwenye moyo. Zinaitwa amiloidi. Mwili hauna meno ya kuzitafuna.

Dokta alinionyesha picha ya nyuzi hizo iliyokuzwa sana. Nikasema hizi ni nyuzi za mkonge zimeanikwa. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge huku tambarare, ndiko alikokutana na mama, kwa hiyo mkonge naujua. Mbuzi akimeza kamba ya mkonge, kamba inamsubiri humo tumboni mpaka siku anachinjwa.

Hadubini nilifundishwa na Mzee Elieza. Anachukua chembe ya mafuta iliyovutwa tumboni kwa sindano, anaikandamiza kwenye kioo, anaipaka rangi nyekundu, anaosha. Kwa mwanga wa kawaida unaona wekundu tu, kama juisi ya rozela imemwagika. Halafu anaweka vichujio viwili vya mwanga na kugeuza kimoja polepole, na kila kitu kinazima. Giza. Na ndani ya giza, pale penye amiloidi panabaki panawaka kijani. Siyo kijani cha majani. Ni kile cha mgongo wa inzi wakubwa wa machinjioni.

Nilisema, "Kizuri!"

Mzee akafunika hadubini kwa kitambaa. "Hilo neno humu ndani usilirudie. Hicho kipande kina mwenyewe. Saa hizi anakula ugali."

Tangu hapo, kila nikigeuza kichujio naona kama mtu aliyekuwa amelala amefumbua jicho. Sijazoea. Mzee anasema na yeye bado.

Kijiji chetu sikitaji jina. Watu wake walikubali kupimwa, hawakukubali kuandikwa. Mnakijua: unatoka Same kwenye joto, unapanda, masikio yanaziba, unavaa sweta, ukifika unatafuta la pili. Juu ya mashamba kuna ndiva, lile bwawa letu la kuta za mawe na udongo. Maji ya mfereji yanajaa humo usiku kucha, na alfajiri mtu anaingia mpaka kifuani kuzibua tundu la chini ili yashuke mashambani. Maji yale yanauma mpaka kwenye mifupa.

Sasa Happy, wewe umetoka Kileo, hili hulijui. Kwenye ukoo wa mama yangu yuko mlinzi wa maji, mwanaume au mwanamke, na hachaguliwi kwa kura. Mtu akianza kutosikia baridi miguuni, wazee wanasema maji yamemkubali. Siku ya msaragambo, wakati kijiji kizima kimekuja na majembe kuzoa tope la ndiva, anaingia mbele ya watu, anasimama, hatetemeki. Kuanzia hapo ndiye mlinzi, na mashamba ya kwao yanapata maji ya kwanza. Sisi watoto wa ukoo huo tulikuwa tunashindana kukanyaga umande asubuhi, kila mmoja anadai hasikii kitu. Tulikuwa tunatamani miguu yetu ife, na tulikuwa tunacheka.

Dokta hakuwa na habari hizo. Mkutano wa kwanza ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, mimi natafsiri. Akasema ugonjwa unaanza miguuni, mtu anaacha kusikia baridi na moto. Nikatafsiri. Watu wakaanza kuangaliana miguu. Akasema halafu tumbo, mara linaharisha, mara linafunga, mtu anakonda. Nikatafsiri. Akasema halafu mikono, halafu moyo.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaanza kucheka, kifuani tu, mdomo umefungwa.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "mwambie mgeni huo siyo ugonjwa. Hiyo ni njia ya mlinzi. Maji yanamkubali, halafu yanamnywa."

Sikutafsiri. Dokta akanigusa, "Amesemaje?" Mimi nilikuwa namwona mama, alivyokuwa anaizungusha kanga kiunoni mara moja, mwaka uliofuata mara mbili, mwishowe mara tatu, kanga ile ile. Mama alikuwa mlinzi. Alipofariki watu walisema maji yameshiba.

Baada ya hapo tukaanza kupima, na kosa likatokea. Tuliweka chuma cha baridi kwenye unyayo wa mtu na kumuuliza: unasikia baridi? Kila mwongozo unasema uulize hivyo. Lakini kule juu, mbele ya majirani, nani mwenye akili zake atajibu ndiyo? Kuna kijana anaitwa Eliamini, alisimama kwenye kipande cha barafu kutoka kwenye boksi letu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, anasema, "Mimi? Sisikii kitu. Ongezeni."

Dokta alipitia majibu akaduwaa. "Naki, kwa majibu haya kijiji kingekuwa kimeshakwisha."

"Wanajisifu, Dokta."

"Wanajisifu ugonjwa?"

"Wanajisifu maji."

Ndipo nikamweleza habari ya mlinzi yote, tangu mwanzo. Alikaa chini kwenye ngazi za ukumbi, hakuandika kitu. Baadaye akasema hajawahi kusikia mahali ambapo dalili ya kwanza inapewa cheo.

Dawa ya uongo huo tuliipata kwa Mzee Elieza: kutekenya. Ganzi ya kusema kwa mdomo mtu anaweza kuiigiza, ya kwenye unyayo hawezi. Unamlaza mtu chali, anafunika macho kwa kitenge, unamwambia asimulie habari yoyote, halafu bila kumtaarifu unapitisha mpini wa kijiko kisigino mpaka vidole. Anayesikia anacheka, anavuta mguu, anakutukania ukoo. Eliamini alinipiga teke la kidevu. Watu walimzomea mpaka akakimbilia migombani: "Mlinziii! Maji yamekukimbia!"

Lakini wengine hawacheki. Hapa ndipo mnisikilize. Mama mmoja alikuwa ananisimulia madalali wa tangawizi walivyo wezi. Nikapitisha mpini. Nikapitisha tena, nikakandamiza. Sauti yake haikuyumba. Macho yamefunikwa, mdomo unaongea, anatukana dalali kwa jina, na nyayo zake zimelala pale kama amemwekea mtu mwingine. Nje watu walikuwa bado wanacheka habari za Eliamini, ndani wakaacha mmoja mmoja. Mkifika hapo msimwangalie Dokta usoni, maana mgonjwa akifunua macho atafuata macho yenu. Malizeni mguu wa pili. Semeni asante mama. Mvalisheni soksi nyinyi wenyewe.

Kupata watu wa kulinganisha, wasio wa ukoo wetu, tulishuka Makanya na Lembeni. Makanya kwa wachimba jasi kutekenya hakufai, nyayo zao ni tairi. Tumieni ule uma wa chuma wa kupimia mtetemo, ugongeni kwenye goti lenu, uwekeni kwenye mfupa wa kifundo, mtu aseme ukiacha kutetemeka. Lembeni mzee mmoja aliuliza kama tunatafuta wachawi. Nikasema hapana baba, tunatafuta protini. Akasema, "Hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana mchawi unaweza kumhama."

Aliyenifundisha kuliko wote ni Mjomba Yoeli, kaka yake mama, aliyeshika ulinzi baada ya mama. Alikubali kila kipimo, kwa udadisi tu. Vidonge alianza, ila alianza amechelewa.

Mchana mmoja wa mwezi wa saba tulikuwa jikoni kwake, mimi na Dokta. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka kizingitini, mchana kweupe lakini taa imewashwa. Mjomba amekaa kwenye kigoda anamweleza Dokta jinsi ya kusikiliza tundu la ndiva kama limeziba. Nikasikia harufu. Mjomba naye akanusa, akameza mate.

"Nani anachoma nyama?" akauliza.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa ndani ya makaa.

Niliuvuta. Yeye akauangalia kama unavyomwangalia mtoto wa jirani aliyeanguka, unamhurumia lakini siyo wako. "Aa," akasema. "Kumbe ni huu." Halafu akaendelea na habari ya tundu. Dokta alitoka nje, akarudi baada ya muda uso umelowa. Kwa hiyo mkienda nyumba yoyote, angalieni kwanza kigoda kiko umbali gani na moto. Tieni mkono ndani ya viatu vyao, toeni mawe, toeni misumari. Waambieni wajikague nyayo kila jioni kama wanavyokagua mifugo. Hiyo ni nusu ya tiba na haihitaji maabara.

Kidonda kilipopona tulimleta Same, akataka kuona kioo chake. Mzee Elieza akamgeuzia kichujio. Mjomba alikaa na jicho pale muda mrefu, hata nikadhani amesinzia.

"Kumbe ndani kunawaka," akasema. Halafu: "Dokta, hizi nyuzi, nikizikwa, zinaoza?"

"Zinachelewa sana, baba."

"Zinachelewa kuliko nyama?"

"Ndiyo."

"Kuliko mifupa?"

"Sijui. Kwa kweli sijui."

Akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika kama mtu aliyejibiwa barua yake. "Basi tupo. Walinzi wote tupo. Nakijwa, mama yako yupo."

Mama amezikwa nyuma ya nyumba, migombani. Tangu siku ile nikikata majani pale napita pembeni, na jembe siliingizi chini sana.

Mjomba Yoeli alifariki mvua zilipoanza, moyo ulisimama akiwa anafunga kamba ya mbuzi. Matanga hayajaisha, wazee wakasema maji yamemkubali Navoneiwa. Navo. Dada yangu, mtoto wa kwanza, mimi wa pili na wa mwisho.

Mimi nilidhani anaigiza kama Eliamini. Ana mashamba mawili ya tangawizi kule mwisho wa mfereji, maji yanafika yameshakuwa matope, akiwa mlinzi yatamfikia ya kwanza. Akili ipo. Niliomba Mungu awe mwongo, nikaomba kwa nguvu. Nikamwambia nimtekenye, akasema nikigusa mguu wake atanimwagia maji ya ugali. Nikarudi na Dokta na karatasi za maelezo, akamkaribisha Dokta vizuri, akampa ndizi, na mimi akaniambia mbele yake, "Wewe usinipime." Dokta akaandika "amekataa". Ule ndio ubishi wa leo.

Juzi nilipanda tena, bila begi la mradi. Nilimkuta mferejini anaosha tangawizi, maji yamempita magotini.

"Ameingia mwanasayansi wa kidato cha nne!" akapaza sauti. "Umekuja kunitekenya?"

"Nimekuja kula makande."

"Yapo. Ila mikono yako ikae mezani niione."

Akajitwisha beseni, tukaanza kupanda kwenda nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Ananichamba kuhusu nywele, ananiuliza kama Same hakuna wanaume wa kuoa. Katikati ya njia pana tope, ndala yake ya kulia ikanasa. Ikabaki pale. Yeye akaendelea.

Nilisimama. Nilikuwa nataka kumwita, nikasema ngoja, atageuka. Baada ya lile tope kuna mawe, yale yaliyovunjwa kwa ajili ya barabara, makali. Akayapita, mguu mmoja ndala, mguu mmoja wazi, hakupunguza mwendo, hakuchechemea, bado ananiuliza kuhusu wanaume. Mguu ule ulikuwa unakanyaga kama umevaa. Niliitazama ndala kwenye tope na alama ya vidole vyake bado iko juu yake, nikasikia nywele zinanisimama, zile zilizosukwa na zisizosukwa.

Nikaiokota. Nikamfuata nayo mpaka mlangoni. Akatua beseni, akainama kufuta miguu kwenye gunia, akaona mguu wake. Damu kidogo kwenye kidole. Akaniona mimi na ndala.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Njiani."

"Njiani wapi?"

"Kabla ya mawe."

Akageuka akaitazama njia yote, mpaka chini, kama anamtafuta mtu aliyekuwa anatembea nayo. Alitazama sana. 

"Kwa hiyo ni kweli," nikasema.

"Nilikuambia maji yamenikubali. Wewe ndiye uliyeniona mwongo."

"Navo, vidonge vipo. Havirudishi kilichoondoka, ila vinaishika ile protini isifunguke. Ukianza mapema ndiyo vinafaa. Lakini ni vya waliosajiliwa, na usajili unafungwa Dokta akiondoka."

"Nikimeza, wazee watasema mimi ndiye niliyeyakataa maji. Mashamba je?"

"Mama alikuwa na maji ya kwanza."

Hilo lilimkera. Akachukua ndala mkononi mwangu, akaivaa, akaangalia kwanza kama imeingia. Halafu akauliza taratibu, "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Tumenyonya ziwa moja. Umepimwa?"

"Wafanyakazi hatuwi ndani ya utafiti. Ndiyo utaratibu."

"Ahaa!" Akacheka, kifuani tu, mdomo umefungwa. "Mmejitungia utaratibu mtamu. Miguu ya kijiji kizima umeishika, Naki, wako umeutia kwenye soksi. Sikia. Siku utakapolala wewe juu ya ukuta wa ndiva, watu wakuone, mimi nashika zamu ya pili. Hapo sikimbii, naapa kwa kaburi la mama hilo hapo."

Akapakua makande, tukala. Mikono yangu niliiweka mezani.

Sasa mnajua kwa nini nimeacha kazi. Dokta alinielewa mwishoni, jua lilipokuwa limeshahama barazani. Akasema mtu akishatoka mradini ni mwanakijiji kama wengine, na mwanakijiji akija kupimwa hawezi kumfukuza. Ila akaninyooshea kidole: "Kutekenywa hakusemi umerithi au hukurithi. Unaweza ukacheka kesho na damu ikasema vingine. Anayejua ni damu."

"Najua, Dokta. Hayo maneno nimeyasema kwenye kila mlango wa kule juu."

"Umeyasema. Sasa yasikie."

Mzee Elieza akaacha vioo vyake. Alikuja akanivua koti la maabara mgongoni kama mtu anavyomvua mtoto, akalitundika.

Kuna jambo moja wenzangu mmelicheka muda sasa, kwamba naoga maji ya moto hapa Same, kwenye joto ambalo hata mbuzi wanahema. Nimewaambia ni mafua. Siyo mafua. Maji yakiwa ya moto sana mtu hana haja ya kujiuliza kama baridi bado anaisikia. Nakoroga kwa kiwiko, najimwagia mabegani, miguuni nayaacha yafike yenyewe, na mimi naangalia dari. Beseni la maji ya baridi lipo hapa chumbani sasa hivi, ningeweza kuingiza mguu na kumaliza ubishi kabla wino haujakauka. Siingizi. Nikijua peke yangu humu, kesho nitamwendea Navo nikiwa na siri, na yeye anazinusa siri zangu tangu nikiwa na meno ya utoto.

Kesho ni msaragambo. Wanataka Navo aingie majini mbele ya watu. Nitapanda na gari la tangawizi linalorudi tupu alfajiri, nifike kabla wazee hawajakaa. Nitavua viatu, nitalala chali juu ya ukuta wa ndiva pale kila mtu anaponiona, nitajifunika macho, nitaanza kusimulia habari yoyote itakayonijia. Sitamwita mtu wa mradi. Kijiko nitampa Navo.